Kugeuza Modeli ya Nyumba kwa Mkono Mtupu: Mwongozo kwa Wachora Plani wa Bukavu

Kiwanja cha Bukavu hakikai bapa. Ukipanda Kadutu, ukashuka Panzi, hata ukienda kwenye zile rasi za Ibanda zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu, utakuta nyumba ambayo mlango wake wa mbele uko usawa wa barabara, na dirisha la nyuma linatazama bati la jirani kutoka juu. Mchora plani analijua hilo kwa kuwa amepima mwenyewe. Mwenye kiwanja, ambaye ndiye atakayelipa saruji, mawe na mafundi, huonyeshwa karatasi yenye mistari, akaitikia kwa heshima, na siku msingi unapochimbwa ndipo anapouliza huu ukuta mkubwa namna hii umetoka wapi.

Modeli ya pande tatu huleta swali hilo mezani kabla ya jembe. Na pale unapoweza kuigeuza modeli hiyo kwa mkono wako hewani, mbele ya mzee au mama aliyekuja na pesa zake, mazungumzo hubadilika: unamtazama yeye badala ya kuinamia kipanya, na mkono wako unafanya kile ambacho ungefanya kama nyumba yenyewe ingekuwa mezani. Kwa sababu hiyo naona inafaa mtu wa hapa ajifunze kutumia vifaa vinavyosoma ishara za mkono pamoja na programu za usanifu.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Mkono ni wa kugeuza na kuonyesha. Kupima ni kazi ya kibodi. Mwaka 2013 Elon Musk na wahandisi wa SpaceX walitoa video wakigeuza kwa mikono modeli ya kipande cha injini ya roketi, wakitumia kifaa cha Leap Motion na programu ya Siemens NX. Mtu angeweza kuamini kwamba kipanya kimefika mwisho wake. Lakini ukiitazama video hiyo kwa makini, mikono inazungusha, inavuta karibu, inasogeza. Kipimo hakiandikwi hewani. Mkono unaoelea hauna pa kuegemea, nao hutetemeka hata kwa mtu mtulivu. Ukuta wa sentimita 20 hauchorwi kwa kukisia. Unaandika 20 na kubonyeza kitufe cha kukubali.

Kifaa gani, na kwa nini usikimbilie dukani

Leap Motion ilianza kuuzwa Julai 2013 kwa takriban dola 80. Ni kijisanduku chembamba chenye urefu wa sentimita 8, kinachowekwa mezani mbele ya kibodi kikitazama juu. Ndani yake mna kamera mbili na taa tatu za mwanga wa infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Mkono ukipita juu yake, kamera hizo mbili huuona kutoka sehemu mbili tofauti kidogo, na programu hukokotoa kila kiungo cha kidole kiko umbali gani. Mwaka 2019 kampuni iliyokitengeneza ilinunuliwa na Ultrahaptics ya Bristol, Uingereza, na jina likawa Ultraleap. Toleo la pili la kifaa lilitoka 2023, nalo huona mkono kutoka mbali zaidi ya lile la kwanza.

Ni kifaa kizuri. Hata hivyo nakusihi usitoe dola hata moja kabla ya kujaribu kamera iliyo tayari kwenye kompyuta yako. Mwaka 2019 Google ilitoa bure MediaPipe, maktaba ya programu inayotambua mkono kwenye picha ya kamera ya kawaida na kuweka pointi 21 juu yake: moja kwenye kifundo cha mkono, nne kwa kila kidole. Inafanya kazi kwenye kompyuta ndogo ya kawaida bila kadi maalumu ya picha. Unanunua mega mara moja tu, za kupakua na kusakinisha. Baada ya hapo kila kitu kinafanyika ndani ya mashine yako, na picha yako haipelekwi popote. Kabla ya kuzitumia mega hizo, hakikisha toleo la lugha ya programu Python ulilo nalo ni mojawapo ya yale ambayo MediaPipe inayakubali, maana mara nyingi toleo jipya kabisa la Python huwa bado halijaungwa mkono, na utajikuta umepakua kitu kisichofunguka.

Kiko kifaa cha tatu ambacho watu hukichanganya na hivi: kipanya cha pande tatu cha 3Dconnexion, kile chenye kitasa kinachosukumwa, kuvutwa na kuzungushwa. Hakisomi ishara hewani, lakini kwa mtu anayechora saa nyingi kila siku kinashinda vyote viwili, kwa sababu mkono unabaki umelala mezani. FreeCAD, AutoCAD na Blender zote zinakitambua. Ikiwa lengo lako ni kasi ya kazi yako binafsi, weka akiba ununue hicho. Ishara za hewani ni za mbele ya watu.

Kuna sababu moja tu inayoweza kumfanya mtu wa Bukavu alipie kifaa cha infraredi, nayo ni giza. SNEL ikikata umeme jioni na ukabaki na taa moja ya betri, kamera ya kawaida hujitahidi kupata mwanga kwa kurefusha muda wa kila picha. Picha zinakuwa chache, zenye chembechembe, na modeli inaruka badala ya kuzunguka. Kifaa cha infraredi kina taa zake chenyewe, kinakula umeme wa waya wa USB, na hakijali kama chumba kina giza. Ukikiagiza kwa ndugu aliye Kigali au Nairobi, mwambie asilipe mpaka kichomekwe mbele yake na mkono uonekane kwenye skrini. Kikifika, kifute kioo kwa kitambaa laini mara kwa mara. Vumbi la barabara zetu kuanzia Juni hadi Agosti linatosha kabisa kukipofusha.

Mahali pa kukaa

Mwanga unaomsaidia mmoja humwumiza mwenzake. Jua nalo linatoa infraredi nyingi, hivyo kifaa cha Leap Motion kilicho karibu na dirisha saa nne asubuhi hupoteza mkono au huuona mahali ambapo haupo. Shusha pazia, au geuza meza. Kamera ya kawaida inataka kinyume chake: mwanga uje mbele yako, uangukie mkono, na dirisha lisiwe nyuma yako. Ukikaa na dirisha mgongoni, mkono unakuwa kivuli cheusi, na pointi 21 hazipati pa kukaa.

Ukuta ulio nyuma yako uwe mtulivu. Kama watu wanapita, iambie programu itafute mkono mmoja tu. Ikiachwa itafute miwili, mkono wa mtoto aliyekuja kuchungulia utaizungusha nyumba ya mteja.

Kuunganisha na programu

Nachukua FreeCAD kuwa mfano kwa sababu ni ya bure, toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, na mwanafunzi yeyote anaweza kuwa nayo bila kutafuta nakala ya wizi. Kwenye mipangilio yake, sehemu ya jinsi ya kutembea ndani ya modeli, kuna mtindo unaoitwa Gesture. Usidhani huo ndio unaosoma mkono kwenye kamera. Uliwekwa kwa ajili ya skrini za kugusa. Hata hivyo uchague, kwa sababu unaturahisishia kazi sana: kuburuta kwa kitufe cha kushoto cha kipanya kunazungusha modeli, kuburuta kwa kitufe cha kulia kunaisogeza, na gurudumu linavuta karibu au kusukuma mbali.

Kwa hiyo huhitaji kuandika programu ndani ya FreeCAD. Unahitaji daraja dogo kwa Python: upande mmoja MediaPipe inasoma mkono, upande wa pili PyAutoGUI inakibonyeza na kukisogeza kipanya kwa niaba yako. Kama wewe si mtu wa kuandika msimbo, mtafute kijana anayesoma informatiki hapa mjini. Ni kazi ndogo kwa anayejua Python. Lakini mpe maagizo yafuatayo, maana ndiyo yanayotofautisha kifaa kinachotumika na mchezo wa kuonyesha marafiki mara moja.

Kwanza picha igeuzwe kama kioo kabla ya kusomwa. Isipogeuzwa, mkono ukienda kulia modeli itakwenda kushoto, na MediaPipe itauita mkono wa kulia kuwa wa kushoto.

Ishara ya kushika iwe kubana kidole gumba na cha shahada, kama mtu anayechukua chumvi. Kwenye hesabu ya MediaPipe ncha ya gumba ni pointi namba 4 na ncha ya shahada ni namba 8. Umbali kati ya hizo mbili usitumike peke yake, kwa kuwa mkono ukienda mbali na kamera kila kitu kinapungua. Ugawanye kwa umbali kati ya kifundo, yaani namba 0, na shina la kidole cha kati, namba 9. Jibu likishuka chini ya robo, mkono umeshika. Likipanda kupita 0.4, umeachia. Hapo katikati hali isibadilike. Ile nafasi kati ya namba mbili ndiyo inayozuia modeli kushikwa na kuachiwa mara kumi kwa sekunde moja wakati vidole viko nusu-nusu. Namba hizi ni za kuanzia. Kila mtu arekebishe kwa mkono wake.

Mkono ukishashika, kishale kiwekwe katikati ya modeli, kisha kifuate mwendo wa mkono tangu ulipobana, sio mahali mkono ulipo kwenye picha. Hivyo unaweza kuzungusha kidogo, ukaachia, ukarudisha mkono mahali pazuri, ukashika tena.

Mtetemo unahitaji tiba mbili. Ya kwanza ni kupuuza mwendo mdogo mno, ili mkono uliotulia uache modeli imetulia. Ya pili ni kulainisha: badala ya kuamini kila picha, chukua wastani wa nafasi ya sasa na ile iliyotangulia. Ukilainisha kidogo, modeli inatetemeka; ukilainisha sana, inachelewa nyuma ya mkono na mtazamaji anahisi kizunguzungu. Mwaka 2012 Géry Casiez na wenzake walichapisha kichujio kinachoitwa 1€, kinacholainisha sana mkono unapokwenda polepole na kulainisha kidogo unapokwenda haraka. Kimeshaandikwa kwa Python na ni kifupi. Mwambie kijana wako akitumie hicho asijisumbue kubuni chake.

Kuna jambo dogo ambalo limewafanya watu wengi waamini kompyuta yao ni dhaifu. PyAutoGUI imepangwa kupumzika sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kila amri. Kwa kazi nyingine ni usalama mzuri. Kwa kazi hii ni kifo, kwa sababu modeli itakwenda kwa kushtuka-shtuka. Kwenye msimbo, PAUSE iwekwe sifuri. Ile kinga nyingine, ya kusimamisha kila kitu kishale kinapogonga pembe ya skrini, iache ilivyo. Siku mambo yakivurugika itakuokoa. Na kama unatumia Linux na kishale hakisogei kabisa, ingia upya kwa kuchagua Xorg badala ya Wayland, kwa kuwa Wayland hairuhusu programu moja kuendesha kipanya kwa niaba ya nyingine kirahisi.

Ishara mbili zinatosha. Gumba na shahada ni kuzungusha. Gumba na kidole cha kati, mkono ukipanda au kushuka, ni kuvuta karibu na kusukuma mbali. Najua kishawishi cha kuongeza ya tatu na ya nne, ngumi ya kufuta, kiganja cha kuhifadhi. Usikubali. Kila ishara mpya inafanana kidogo na ile iliyopo, na siku ya mteja itatokea ile usiyoitaka. Kufuta, hasa, kusiwekwe mkononi kamwe.

Mkono wa kushoto ubaki kwenye kibodi. Kwenye FreeCAD, kitufe cha 0 kinarudisha mtazamo wa pembeni unaoonyesha pande tatu, 1 mbele, 2 juu, na 3 kulia. V kisha F inaleta modeli yote ndani ya skrini. Ukipotea, maana utapotea, 0 kisha V na F vinakurudisha nyumbani kwa sekunde moja. Mpangilio huu una faida nyingine kwetu: mkono unaopepea mbele ya wazee ni ule wa kulia.

Wanaotumia programu nyingine wabadilishe vitufe tu. Kwenye AutoCAD na Revit, kuzungusha ni kushikilia Shift pamoja na gurudumu la kipanya. Kwenye SketchUp na Blender ni gurudumu peke yake. Daraja ni lile lile. Na popote ulipo, zima daraja unapoingia kuchora michoro ya vipimo. Kwenye FreeCAD, ukiwa ndani ya mchoro, kuburuta kwa kitufe cha kushoto kunaweza kusogeza mstari badala ya kuzungusha mtazamo, na mstari uliosogea bila wewe kujua ni ukuta uliosogea.

Mbele ya mwenye kiwanja

Andaa modeli kwa ajili ya macho ya mtu anayeijua ardhi yake kuliko wewe. Udongo uwe ndani ya modeli, sio nyumba inayoelea juu ya rangi nyeupe. Kama huna vifaa vya upimaji, bomba la maji linalotumiwa na mafundi linakupa tofauti za kimo kwenye pembe za kiwanja. Weka namba hizo, unganisha uso wa ardhi, na tayari mteremko umeonekana. Ongeza nyumba za majirani kama masanduku matupu. Watu huona nyumba yao kwa kulinganisha na ya jirani.

Halafu zungusha polepole kuliko unavyodhani inafaa. Anza na mbele, usawa wa barabara, pale anapopajua. Usiseme kitu mpaka aitambue. Kisha shika, peleka mkono taratibu pembeni, na nyuma ya nyumba inajitokeza: ukuta wa kuzuia udongo, nguzo zinazoshuka hadi upande wa chini, ngazi za kufikia choo. Achia hapo. Wacha mkono upumzike mezani na modeli isimame, kwa sababu mtu hawezi kufikiri juu ya kitu kinachozunguka. Maswali yatakuja yenyewe, nayo ni ya maana. Maji ya bati yatakwenda wapi? Hapa mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei, na maji yanayoachwa bila mfereji hula udongo wako na wa aliye chini yako, mpaka mto Kawa unaishia kubeba kiwanja cha mtu. Geuza modeli, ifuate njia ya maji kutoka kwenye bati hadi mwisho wa kiwanja. Kama njia hiyo inaishia kwenye ukuta wa jirani, mteja ataiona kabla hujamaliza kueleza.

Tumia nafasi hiyo hiyo kuonyesha mambo ambayo wateja hupenda kuyakata ili kupunguza gharama. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipasua na kuangusha nyumba hapa mjini. Ficha matofali kwenye modeli, bakiza nguzo na mkanda wa zege unaozifunga juu, kisha uzungushe mifupa hiyo mitupu. Mtu aliyeona jinsi mkanda unavyozunguka nyumba nzima bila kukatika haulizi tena kwa nini nondo ni nyingi.

Mwachie naye ashike. Mwonyeshe kubana vidole, mwache aizungushe nyumba yake. Wapo watakaoogopa kuharibu. Waambie kwamba mkono huu hauwezi kufuta kitu, na uwe umehakikisha kwamba ni kweli.

Mwili na betri

Mkono ulioinuliwa bila egemeo huchoka ndani ya dakika chache. Bega linaanza kuwaka, kisha shingo. Kaa na kiwiko mezani, kiganja kiwe chini ya usawa wa bega, na upange maonyesho yako yawe ya vipande vifupi. Kama kamera ya kompyuta inakulazimisha kuinua mkono juu sana, inamishe skrini, au tumia kamera ya waya uiweke chini. Mwenye maumivu ya bega au kifundo asijilazimishe. Kipanya hakijawa haramu.

Kusoma mkono kwenye kila picha kunaitafuna betri kwa haraka, kwa sababu kamera na kichakataji vinafanya kazi bila kupumzika. Washa daraja mteja anapoketi, lizime anapoanza kuzungumzia bei. Hifadhi faili kabla ya kuliwasha. Kama umeme umekatika na betri iko chini ya nusu, onyesha kwa kipanya. Mteja hatajua alichokosa.

Na kabla hajaondoka, mpe karatasi. Modeli imemsaidia kuelewa na kukubali, lakini fundi mwashi aliye shimoni na koleo hana skrini wala kamera. Chapisha plani yenye kila kipimo, kimo cha kila pembe ya kiwanja, upana wa msingi, kimo cha ukuta wa kuzuia udongo na mwelekeo wa mfereji. Pitia kila namba kwa kibodi mara moja tena, weka jina lako chini, na usiruhusu msingi uchimbwe kwa kutegemea kile mtu alichokiona kikizunguka kwenye skrini.